Akaunti ilikuwa daftari kabla ya kuwa kufuli

Neno 'akaunti' tumelizoea kiasi kwamba hatuliulizi tena lilitoka wapi. Tuna akaunti ya benki, akaunti ya barua pepe, akaunti ya mitandao ya kijamii, na asubuhi tunapowasha tarakilishi kazini tunakutana na nyingine tena, inatutaka tujitambulishe na kutaja nywila. Wengi wetu huiona kama bawabu wa langoni: kazi yake ni kufungia watu nje, na mara nyingine kumfungia nje hata mwenye nyumba.

Juma hili ningependa tuifuate akaunti hiyo ya tarakilishi hadi kwao. Mimi ni mtu wa isimu, si mhandisi, lakini istilahi za wahandisi zikishaingia katika Kiswahili huwa mali yetu, na mwenye mali hana budi kujua alichonacho. Isitoshe, nina sababu nyingine. Katika ofisi, shule na nyumba zetu nyingi, tarakilishi moja hutumiwa na watu watano, saba, pengine idara nzima. Kumbe basi historia ya akaunti inatuhusu sisi zaidi ya inavyomhusu tajiri mwenye kipakatalishi chake peke yake. Ni historia ya kugawana.

Mashine moja, watu thelathini

Turudi nyuma hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tarakilishi ilikuwa dude la kujaza chumba, bei yake mamilioni ya dola za Marekani. Mtafiti aliyetaka kuitumia alitoboa kadi zake, akazikabidhi kwa wahudumu, kisha akangoja. Pengine alingoja hadi kesho yake, na jibu lilipofika akagundua kwamba alikosea alama moja tu ya mkato. Basi anaanza upya.

Katika chuo kikuu cha MIT, Fernando Corbató na wenzake walichoshwa na foleni hiyo. Mnamo Novemba 1961 walionyesha hadharani mfumo ulioitwa CTSS. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitenda. Mashine ihudumie watu wengi kwa zamu fupi mno, sehemu ya sekunde kwa huyu, sehemu ya sekunde kwa yule, hivi kwamba kila mmoja aone kama amepewa yote. Baadaye watu thelathini hivi waliweza kuitumia kwa wakati mmoja, kila mmoja ameketi mbele ya mtambo wake wa kupigia chapa uliounganishwa kwa waya.

Hapo ndipo swali la kugawana lilipozuka. Saa za mashine zilikuwa ghali, na kila mtafiti alikuwa na mgao wake. Mashine ingejuaje kwamba dakika hizi zimetumiwa na fulani, wala si na mwenziwe? Na faili ambazo kila mmoja aliacha ndani ya mashine, zingetenganishwaje? Jibu lilikuwa kumfungulia kila mtu ukurasa wake, wenye jina na namba, ambamo saa alizopewa na saa alizotumia ziliandikwa. Wahenga wetu walilisema hilo zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Akaunti ya kwanza ya tarakilishi ilikuwa daftari hasa, kama lile la duka. Nywila ilikuja kama kitasa cha daftari hilo, ili jirani asije akala saa zako.

Na jirani alikuja! Mnamo 1962 mtafiti mmoja wa shahada ya uzamifu, Allan Scherr, alikuwa na mgao wa saa nne kwa juma, na saa hizo hazikumtosha. Aliomba mashine imchapishie faili iliyokuwa na nywila za watu wote. Mashine, kwa utiifu wake, ikamchapishia. Akawa anaingia kwa majina ya wengine na kutumia saa zao. Alikaa na siri hiyo kwa takriban miaka 25 kabla ya kuisimulia. Kwa hivyo wizi wa nywila una umri karibu sawa na nywila yenyewe, na aliyeiba alikuwa akitafuta muda tu wa kumalizia tasnifu yake. Sisi tunaosimamia tasnifu tunalijua hilo jicho.

Kioja kingine kilitokea katika mfumo huohuo katikati ya miaka ya 1960. Wasimamizi wawili walikuwa wakihariri faili mbili kwa wakati mmoja, mmoja akiandika tangazo la siku na mwingine akirekebisha orodha ya nywila. Wote wawili walikuwa wakitumia akaunti moja ya kazi, na programu ya kuhariria ilihifadhi rasimu za wote kwa jina lilelile la muda. Rasimu zikabadilishana mahali. Kila aliyeingia katika mashine baada ya hapo, badala ya kusoma tangazo, alisomewa nywila za watu wote. Msomaji, zingatia chanzo cha balaa hiyo. Hapakuwa na adui wala jambazi. Palikuwa na watu wawili waaminifu waliovaa jina moja.

Wapigachapa watatu na mzizi wa mti

Kutoka MIT twende kwenye maabara ya Bell. Maabara hiyo ilishirikiana na MIT katika mradi mkubwa uliofuata, Multics, kisha ikajitoa mwaka 1969. Mwaka huohuo Ken Thompson, akisaidiwa na Dennis Ritchie na wenzao wachache, alianza kuunda mfumo mdogo zaidi uliokuja kuitwa Unix. Mifumo endeshi mingi inayotumiwa leo, tangu Linux hadi ule wa tarakilishi za Mac, imefuata nyayo zake au imezaliwa nao moja kwa moja.

Nani walikuwa watumiaji wa mwanzo wa Unix nje ya wale waliouunda? Mnamo 1971 walikuwa wapigachapa watatu wa idara ya hataza, kazi yao kuandika na kupanga maombi ya kusajili uvumbuzi. Walichapa kutwa nzima huku wahandisi nao wakiendelea na majaribio yao kwenye mashine hiyohiyo, ambayo diski yake ilikuwa na nusu megabaiti tu. Mhandisi akikosea jambo, kazi ya wapigachapa ingeweza kuporomoka nayo. Nafurahi kila nikilikumbuka hilo, kwa sababu historia za teknolojia hupenda kuwataja wavumbuzi na kuwasahau makatibu. Swali la nani aguse nini ndani ya tarakilishi lilikuwa, tangu mwanzo, swali la kuilinda kazi ya mtu kama huyo.

Unix ilimpa kila mtumiaji nyumba. Sitoi sitiari yangu hapa: sehemu ya diski anamohifadhi vitu vyake huitwa hivyo hasa, nyumba. Na kila faili ilipewa mwenyewe. Katika toleo la kwanza la mwaka 1971, mfumo uliwajua watu wa aina mbili tu kuhusiana na faili, yaani mwenyewe na wengine. Haikuchukua miaka mingi kabla ya pengo kuonekana. Kuna watu ambao si wenyewe, wala si wapitanjia. Ni wenzako wa kazi. Ndipo kikaongezwa kikundi.

Tangu hapo faili ya Unix ina masuala matatu (kusoma, kuandika, kuendesha) yanayoulizwa kwa watu wa aina tatu: mwenyewe, kikundi, na wengine wote. Majibu tisa ya ndiyo au la. Nusu karne baadaye, majibu hayo tisa bado yamo ndani ya Linux na Mac. Mwanzoni mtu aliweza kuwa katika kikundi kimoja tu kwa wakati mmoja, mpaka toleo la Unix la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilipomruhusu mwaka 1983 kuwa katika vikundi kadhaa kwa pamoja. Binadamu ndivyo alivyo. Mimi ni wa idara yangu, ni wa kamati ya mitihani, ni wa kwaya ya kanisani, na siachi kimoja ninapoingia kingine.

Anayetaka kuelewa kikundi cha tarakilishi aangalie chama cha akina mama kijijini. Ufunguo wa sanduku hukabidhiwa mwekahazina. Mwekahazina akibadilika, chama hakinunui sanduku jipya wala hakiandiki katiba upya. Kinamtoa Wanjiku kwenye kiti na kumweka Akinyi. Haki imeshikamana na kiti, na mtu huja na kwenda. Kikundi cha tarakilishi hufanya vivyo hivyo: unakipa kikundi cha 'wahasibu' ruhusa ya kuandika katika kabrasha la fedha, halafu unaingiza na kutoa watu. Ukigawa ruhusa kwa mtu mmojammoja, baada ya miaka mitatu hutajua nani ana ufunguo wa nini.

Juu ya wote akawekwa mtumiaji mmoja anayeitwa mzizi. Huyu haulizwi swali lolote kati ya yale tisa. Anasoma cha kila mtu, anafuta cha kila mtu, anaweza hata kuifuta mashine nzima kwa amri moja. Mashine humtambua kwa namba sifuri. Naam, kwa namba! Majina tunayoyaona kwenye skrini yamewekwa kwa ajili yetu binadamu. Mashine hutumia namba, jinsi serikali inavyokujua kwa namba ya kitambulisho. Kuna funzo hapo. Katika Unix na Linux, ukimfuta mtumiaji namba 1001 na kuziacha faili zake, halafu ukamsajili mgeni akapewa namba hiyohiyo, mgeni huyo anarithi faili zote za aliyetangulia. Katika Windows mambo ni kinyume: ukimfuta mtu na kumsajili tena kwa jina lilelile, mashine humpa namba mpya ndefu na kumwona mgeni kabisa, hata mbele ya kazi zake mwenyewe. Kwa hivyo mtu akiondoka kazini, ni bora kuizima akaunti yake kwanza, mambo yake yapangwe, kabla ya kuifuta.

Hatari ya mzizi ilijulikana mapema. Mnamo 1980, katika chuo kikuu cha jimbo la New York mjini Buffalo, Bob Coggeshall na Cliff Spencer waliunda programu ndogo inayoitwa sudo. Kupitia kwayo mtu wa kawaida huazima mamlaka ya mzizi kwa amri moja tu, kisha anarudi alivyokuwa, na amri aliyoitoa huandikwa kwenye kumbukumbu ikiwa na jina lake. Tazama hilo: mamlaka makubwa hutolewa kwa muda, kwa kazi maalumu, na kwa maandishi. Katiba ngapi duniani zimewahi kulisema hilo vizuri hivyo?

Chumvi, na waliokataa nywila

Mwaka 1979 Thompson na mwenzake Robert Morris walichapisha utafiti kuhusu nywila ambazo watu huchagua wakiachiwa huru. Walikusanya 3,289. Kumi na tano zilikuwa za herufi moja! Nyingine 72 zilikuwa za herufi mbili. Walipojumlisha zote zilizokuwa fupi mno, nyepesi mno au zilizopatikana katika kamusi na orodha za majina, walifika asilimia 86. Mtu anayechagua '1234' leo asidhani ameanza jambo.

Dawa mojawapo waliyoieleza ni kuchanganya kila nywila na tarakimu chache za kubahatisha kabla ya kuificha, ili watu wawili wenye nywila moja wasionekane sawa. Wakaiita chumvi. Wanafunzi wangu wa istilahi huniuliza kama tunapaswa kutafuta neno la kisomi la dhana hiyo. La hasha. Waliounda dhana hawakwenda maktaba, walikwenda jikoni. Nasi tuna jiko.

Ni haki pia kuwakumbuka waliopinga. Katika maabara ya akili unde ya MIT palikuwa na utamaduni wa mashine isiyo na nywila, kila mtu akiingia na kuona cha kila mtu. Nywila zilipowekwa katika maabara jirani mnamo 1977, Richard Stallman alizifumbua, akawaandikia wenyewe akiwashauri waache nafasi ya nywila wazi, wabonyeze tu kitufe cha kuingilia. Kwake yeye anayegawa ruhusa ni mtawala, na mtawala huzoea utawala. Hoja hiyo haijafa. Kila anayeshika akaunti ya msimamizi katika ofisi anaweza kusoma barua za wenzake, na mara nyingi hakuna anayemsoma yeye. Hata hivyo naona Stallman aliishi katika kijiji cha watu waliojuana kwa sura. Sisi wengine tunaishi mjini.

Mashine 'ya binafsi'

Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa tarakilishi yake ya mezani. Iliitwa ya binafsi, na ndani ya neno hilo historia yote niliyoisimulia ilifutwa. Mfumo wake, DOS, haukumuuliza mtu jina. Kulikuwa na haja gani? Mashine moja, mtu mmoja, dawati moja. Aliyeketi mbele yake alikuwa mzizi bila kujua kwamba kuna cheo hicho.

Wazo hilo lilitufikia sisi likiwa limevaa nguo za watu wengine. Tarakilishi 'ya binafsi' ilipoingia idara zetu katika miaka ya 1990, ilikuwa moja kwa wahadhiri kumi na wawili. Ilifunikwa kitambaa cha mashine ya cherehani, na ufunguo wa chumba ulikaa kwa katibu. Ilikuwa mali ya umma iliyoundwa kama mali ya mtu mmoja. Windows 95 ilipokuja ilileta dirisha la jina na nywila, lakini mwanafunzi yeyote alijua kwamba ukibonyeza kitufe cha kughairi unaingia tu. Lilikuwa pazia, halikuwa mlango.

Mlango ulikuwepo kwingine. Mwaka 1993 Microsoft ilitoa Windows NT, iliyoundwa na kikosi cha Dave Cutler, ikiwa na akaunti halisi, vikundi halisi, na tofauti halisi kati ya wasimamizi na watumiaji wa kawaida. Lakini hiyo ilikuwa ya mashirika. Mwaka 2001 Windows XP ilileta msingi huo majumbani, halafu ikafanya jambo la ajabu: katika toleo la nyumbani, akaunti zilizofunguliwa wakati wa kuisakinisha zote zilikuwa za wasimamizi. Baba msimamizi, mama msimamizi, mtoto wa darasa la pili msimamizi. Programu ovu iliyopandishwa na mtoto aliyetafuta mchezo iliingia na mamlaka yote ya mashine. Tunaokumbuka virusi vilivyosafiri kwa vijiti vya kuhifadhia data kutoka saiba hadi saiba tunajua gharama yake.

Vista ya mwaka 2007 ikajaribu kurekebisha kwa kumuuliza mtu kila mara kama kweli anataka kufanya jambo hili. Watu walikasirika. Mwaka uliofuata mmoja wa maofisa wa kampuni hiyo alikiri hadharani kwamba usumbufu ulikusudiwa, ili waundaji wa programu waache kudai mamlaka ya msimamizi kwa kazi ndogondogo. Windows 7, mwaka 2009, ikapunguza maswali. Dirisha lile lipo hata leo, nasi hulibonyeza 'ndiyo' bila kusoma.

Upande wa Linux, Oktoba 2004 lilitoka toleo la Ubuntu, mradi ulioanzishwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Katika Ubuntu akaunti ya mzizi hufungwa tangu mwanzo, na mamlaka huazimwa kwa ile sudo ya Buffalo. Jina lenyewe ni jamaa wa karibu wa neno letu 'utu'. Sijui kama kuna mfumo mwingine uliofungwa jina linalotukumbusha kwamba hakuna mtu bila watu, na wakati huohuo ukamnyima kila mtu kiti cha ufalme.

Aliyeitwa 'ofisi'

Niwape kisa kimoja kinachonifanya niandike haya. Miaka kadhaa iliyopita, katika taasisi moja nisiyoitaja, faili ya alama za mtihani ilibadilishwa siku chache kabla ya orodha ya mahafali kutolewa. Wanafunzi wawili waliokuwa wamefaulu walionekana wamefeli. Mashine ilipochunguzwa, ilisema wazi kwamba faili iliguswa jioni ya Alhamisi na mtumiaji anayeitwa 'ofisi'. Sasa 'ofisi' ni nani? Wahadhiri, makatibu, wanafunzi wasaidizi, wote waliingia kwa jina hilo, na nywila ilikuwa imebandikwa kwa kikaratasi ubavuni mwa skrini.

Alama za wanafunzi zilipatikana, kwa kuwa mwalimu wa somo alikuwa na nakala ya karatasi. Heshima ya katibu haikupatikana. Mashine ilikuwa mezani pake, basi minong'ono ilimwendea yeye. Hakushtakiwa, kwa hiyo hakuweza kujitetea. Alihamishwa tu hadi idara nyingine, na habari ikamtangulia. Alikuwa amebakisha miaka minne astaafu. Mpaka leo hakuna anayejua aliyeigusa ile faili, na hilo ndilo tatizo: hakuna atakayejua.

Watu wengi hudhani akaunti ni ya kumkamata mkosaji. Mimi nasema faida yake ya kwanza ni kumwachilia asiyekosa. Daftari lenye majina humtoa katibu katika orodha ya washukiwa kabla ya chai ya saa nne. Daftari lenye jina moja la uongo huwaweka wote kizimbani, kisha aliye mnyonge zaidi hubeba mzigo. Laiti kila mmoja angekuwa na akaunti yake, wahadhiri wakawa kikundi chenye ruhusa ya kuandika alama, makatibu wakawa kikundi cha kuzisoma na kuzichapisha, na mfumo ukaamriwa kuweka kumbukumbu za wanaoigusa faili hiyo, mama yule angestaafu kwa sherehe.

Siku hizi sheria nayo imesogea. Kenya ina sheria ya mwaka 2018 inayofanya kuingia katika tarakilishi bila idhini kuwa kosa, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data, inayomtaka anayehifadhi habari za watu azilinde. Lakini idhini ya nani, ikiwa wote ni 'ofisi'? Sheria inahitaji majina.

Yanayowezekana kesho

Hakuna linalohitaji fedha hapa. Mashine inayogawanwa iwe na akaunti moja ya msimamizi, itumiwe kwa kusakinisha na kurekebisha tu, kisha ifungwe. Kila mtu mwingine, mkuu wa idara akiwemo, awe na akaunti ya kawaida kwa jina lake mwenyewe. Panapokuwa na kazi ya pamoja, pawe na kikundi na kabrasha la kikundi. Anayeondoka, akaunti yake izimwe siku hiyohiyo. Nyumbani, mtoto asiingie kwa akaunti ya mzazi ambamo mna barua za benki. Na mgeni? Windows zilizotangulia zilikuwa na akaunti ya mgeni. Tangu toleo la 10 la mwaka 2015 haimo tena kwa matumizi ya kawaida. Mfungulie mgeni akaunti ya kawaida, na ikifika siku ya tatu ukampa jembe, mfungulie na jina lake.

Nina manung'uniko mawili kwa waundaji. Dirisha la kusimamia vikundi halimo katika toleo la nyumbani la Windows, kana kwamba nyumba haina vikundi! Na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, humtaka anayeiandaa kwa matumizi ya nyumbani awe na intaneti na akaunti ya kampuni yenyewe. Daftari limehama kutoka dukani kwako hadi kwa mwenye jumla. Huenda ni salama zaidi, lakini anayegawa sasa hatumjui wala hatujuani, na mwalimu wa shule isiyo na mtandao hakufikiriwa.

Nimalizie kwa lugha, maana ndiyo kazi yangu. Tumesema 'akaunti' na sidai tuiache. Lakini Kiswahili kina usemi wa zamani, kutoa hesabu, unaobeba yote mawili: kuhesabu mali, na kusimama mbele ya watu ukaeleza ulichofanya. Ni jina zuri kuliko yote niliyoyasikia kwa jambo lililoanza MIT mwaka 1961. Aliye na akaunti yake ana mahali pa kutolea hesabu yake mwenyewe, na hatolewi hesabu ya mwingine. Kikaratasi kile kilichobandikwa ubavuni mwa skrini ya ofisi yenu, kibandueni leo.